Unataka Kagari Kadogo Kenye Turbo? Soma Hii Kabla Hujatoa Deposit

Ukipita yard yoyote Ngong Road ama Kiambu Road sa hii, lazima utaona Polo ama Golf imekaa pale mbele, imeoshwa ikang'aa, nyuma imeandikwa TSI. Broker atakwambia ni "1.2 tu, inakunywa kama pikipiki lakini inaruka kama Subaru." Hiyo sentensi si uongo. Shida ni venye huyo msee haendelei kuongea. Kuna mambo mengi kuhusu hizi gari ndogo za turbo hutaambiwa hadi siku umesimama kando ya barabara ukiangalia flatbed ikifika.

Nimekuwa na moja miaka kadhaa, Polo ya 2013, 1.2 TSI. Imenifunza vitu zenye nilikuwa nafaa kujua kabla. Hapa nitaongea sana kuhusu VW juu ndio najua na ndio zimejaa mtaani, lakini mambo mengi inaingiana na Audi A1 na A3, Auris na C-HR za 1.2 turbo, Swift ya 1.0 turbo, hata Juke ya 1.6 yenye turbo. Kitu moja: zile Polo Vivo zilianza kuundwa Thika mwisho wa 2016 zilikuja na injini ya kawaida. Kama mtu anakuuzia hiyo akisema iko na turbo, hepa.

Turbo inafanya nini hasa

Injini inahitaji hewa na petroli. Injini ya kawaida inavuta hewa yenyewe, vile unavuta soda na straw. Ya turbo inasukumiwa. Moshi ukitoka kwa injini unazungusha kagurudumu kadogo, hako kameshikana na kagurudumu kengine upande wa pili kwa chuma moja, na hako ka pili ndio kanasukuma hewa safi ndani na presha. Hewa mob, petroli mob, nguvu mob. Turbo ndogo inaweza zunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika, na upande wa moshi unawaka joto ya kuyeyusha sufuria. Kumbuka hizo vitu mbili, speed na joto, juu karibu kila shida nitataja inatokea hapo.

Ndio maana injini ya 1.2 inatoa hosipawa 105 na toki ya 175 Nm, na hiyo toki inaanza chini kabisa, kwa rpm kama 1,500. Linganisha na Fielder ya 1.5: hosipawa ni karibu sawa, lakini toki ni kama 140 na lazima uifinye hadi rpm 4,000 na kitu ndio uipate. Kwa hivyo ukiwa nyuma ya lori Mai Mahiu, Polo inapita bila kelele na Fielder inalia.

Na kuna kitu ya Nairobi yenye watu hawasemi. Tuko juu, karibu mita 1,800 kutoka baharini. Hewa hapa ni nyembamba kama moja juu ya tano kuliko Mombasa. Gari bila turbo inapoteza nguvu kila ikipanda. Ya turbo inasukuma tu zaidi kufidia. Ndio maana dereva wa Polo akitoka Nairobi kwenda Limuru haoni tofauti, na mwenye Vitz anazima AC.

Ujue umebeba injini gani

Hapa ndio wengi huchomeka. TSI si injini moja. Za zamani, zenye ziko kwa Golf 6 na Polo za hadi karibu 2014, zinaitwa EA111. Hizo zinatumia cheni kuzungusha sehemu ya juu ya injini. Za baadaye, kuanzia Golf 7 iliyotoka 2012 na Polo iliyofanyiwa marekebisho 2014, zinaitwa EA211 na zinatumia belt.

Kwa nini ujali? Cheni ya EA111 inajulikana kuvutika. Ikivutika inaanza kucheza, na siku moja inaruka meno. Valvu zinagongana na pistoni, na hapo umebaki na chuma ya kuuza kwa kilo. Belt ya EA211 imekuwa na amani zaidi. Kama una doh ya kuchagua kati ya Polo ya 2013 na ya 2015, ongeza kitu kidogo uchukue ya 2015. Mimi sikujua, na ngoja nikupe hiyo story.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Fee ya semester ambayo sikurudi, tukiongeza na kitu mathe alikuwa amesave, ndio ilikuwa deposit ya hiyo Polo. Mpango ulikuwa rahisi: sistangu huoka keki, mimi nabeba, tunagawana. Na ilifanya kazi, maze. Miezi saba hivi tulikuwa tunapeleka keki hadi Ruiru na Kitengela.

Alafu ikaanza kelele asubuhi. Ukiwasha ikiwa baridi, inasikika kama mtu anatingisha sarafu ndani ya mkebe. Sekunde tatu, inanyamaza. Nikapeleka kwa fundi wa mtaa, akasikiliza akasema hizo ni tapeti tu, akaniwekea oili nzito, ile ya 20W-50, "ndio inyamaze." Na kweli ikanyamaza. Wiki mbili. Jumamosi moja nikiwa na keki tatu nyuma, moja ya ruracio, nikawasha, ikapiga kelele moja mbaya, ikazima. Haikuwaka tena. Hiyo kelele ya sarafu ndio ilikuwa cheni. Fundi wa pili alipofungua, valvu nane zilikuwa zimepinda, na kwa hiyo injini ziko nane tu. Kazi yote ilinikula 148k na gari ikakaa miezi mitatu chini ya mti. Mathe hakuwai niuliza kitu. Hiyo ndio ilikuwa inauma zaidi.

Oili nzito ilifanya nini? Kifaa chenye kinakaza cheni kinatumia presha ya oili. Asubuhi oili ikiwa baridi, ile nzito inachelewa kufika. Kwa hivyo cheni ilikuwa inacheza vile vile, sema tu baadaye presha inapanda na kelele inafichika. Nilikuwa nimefunika alarm na mto.

Oili, hapa usijaribu kuwa mjanja

Kama utasoma sehemu moja tu ya hii article, iwe hii. Turbo inakalia filamu nyembamba ya oili. Hakuna bearing ya mipira pale kwa hizi ndogo nyingi, ni oili tu inatenganisha chuma na chuma kwa hizo speed za kichaa. Oili ikiwa chafu, kidogo ama feki, inaungua kwa joto ya turbo, inakuwa makaa, inaziba vile vipaipu vyembamba. Turbo inabaki kavu na inajila yenyewe.

Nunua oili yenye imeandikwa nyuma VW 502 00 ama ile imetajwa kwa kitabu cha gari yako. Si mbele, nyuma. Mbele kila kampuni inaandika "turbo" na kuchora moto. Grade ya kawaida ni 5W-30 ama 5W-40. Injini hizi zinabeba karibu lita 4, kwa hivyo mtungi wa lita 4 ama 5 unatosha. Usinunue kwa mtu anauza kutoka kwa buti. Oili feki iko Nairobi na inakaa poa kabisa kwa macho.

Kuhusu kilomita: ukisoma kwenye intaneti utaona Ulaya gari inaeza enda hadi 30,000 kabla ya kubadilisha oili. Hiyo ni autobahn, msee. Wewe uko kwa jam ya Outering dakika arobaini ukiwa gia ya kwanza, injini inazunguka lakini odometa haisongi. Mimi hubadilisha kila 7,000 na filta, na fundi wangu wa sasa bado husema ni mbali, yeye anataka 5,000.

Na angalia kijiti cha oili kila wiki mbili. Hizi injini hunywa oili kidogo, hiyo ni kawaida. Yenye si kawaida ni kungoja taa nyekundu ndio ukumbuke. Hiyo taa ikiwaka ukiwa unaendesha, ni ya presha. Simama hapo hapo na uzime. Usiseme utafika stesheni ya mbele.

Petroli

Fungua kifuniko cha tangi uangalie stika. Kama gari ilitoka Japan, kutakuwa na maandishi ya Kijapani yenye inasema premium, ile wao huita haioku. VW zilizouzwa huko zinataka oktani ya juu. Injini ya turbo inafinya hewa sana, na petroli dhaifu inaweza lipuka kabla ya wakati wake. Gari iko na sensa ya kusikia hiyo na itajipunguzia nguvu ijilinde, kwa hivyo haitakufa leo, lakini utakuwa umelipia turbo na unaendesha kitu kingine. Stesheni kubwa huwa na ile petroli ya bei juu. Piga hesabu na hiyo kabla hujashangilia bei ya EPRA kila tarehe 14.

Kitu ingine ya hapa: usifinye mafuta kabisa ukiwa gia ya juu na rpm ziko chini. Kama ni otomatiki itashusha gia yenyewe. Kama ni manual, shusha wewe. Kulazimisha turbo isukume injini ikiwa inatambaa ndio njia rahisi ya kuvunja pistoni.

Venye unaendesha

Asubuhi usikae dakika kumi ukipasha moto, si lori. Washa, ngoja sekunde kama thelathini, toka polepole, na usikanyage hadi injini ishike joto. Ukifika kutoka safari ndefu, sema umepanda Limuru ukikimbizana na Probox, kabla uzime iache iunguruma dakika moja. Turbo bado inawaka, na ukizima oili inasimama ndani yake na kukaangika. Ukizima na usikie kitu bado kinanguruma mbele, usishtuke, nyingi ziko na pampu ya umeme inaendelea kuzungusha kulanti.

Gia: hapa ndio pesa hupotea kimya kimya

Polo na Golf nyingi za TSI ndogo ziko na DSG ya gia saba, inaitwa DQ200. Watu huiita otomatiki lakini si otomatiki ya Toyota. Ni giaboksi ya manual yenye iko na klachi mbili kavu na roboti ndani inayokufanyia kazi. Hiyo roboti ndio inaitwa mekatroniki.

Klachi kavu haipendi jam. Ukiwa unasonga inchi, unafunga breki, unasonga inchi, kila wakati klachi inasugua nusu nusu, inapata moto. Dawa ni hii: acha nafasi ifunguke mbele yako, alafu songa mara moja kama gari moja na nusu. Ndio, matatu itaingia hapo. Wacha iingie. Na ukiwa kwa mlima usishikilie gari na mafuta, tumia breki.

Shida za DQ200 si za Kenya tu. 2013 VW iliita magari milioni 1.6 dunia nzima kubadilisha oili ya hiyo giaboksi, juu ile ya sintetiki ilikuwa inaweza sababisha shoti ya umeme kwa nchi za joto na unyevu. Ukinunua ya miaka hiyo, skana ndio itakwambia hali. Namba ya kuogopa ni P17BF. Hiyo mara nyingi inamaanisha presha ya mekatroniki imepotea, na kuna sehemu moja ya alumini ndani huwa inapasuka. Kabla ifike hapo utaona gari inatetemeka ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, ama herufi za gia kwa dashibodi zinablinki. Usiambiwe ni sensa.

Kuna pia DSG ya gia sita yenye klachi zake zinaogelea kwa oili. Hiyo ni ngumu zaidi, lakini oili yake lazima ibadilishwe kila kilomita 60,000. Mtu akikwambia ni ya maisha, muulize maisha ya nani.

Vitu zingine, haraka haraka

Kulanti si maji ya bomba. Injini hizi ziko na plastiki mob kwa sehemu ya pampu ya maji na thamostati, na maji ya mferejini inazila. Ukiona kulanti inashuka na hakuna mahali inamwagika chini, angalia hiyo pampu, huvuja polepole na kukauka juu ya injini ikibakisha alama ya pinki.

Filta ya hewa, badilisha mapema kuliko kitabu kama unaishi mahali kuna vumbi. Ile kagurudumu ya turbo ikipigwa na mchanga kwa hiyo speed inaisha kama kisu kwa jiwe. Plagi pia nunua orijino, ya bei rahisi inachoma koili, na gari inaanza kuruka ruka.

Injini zenye petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda huwa zinakusanya makaa nyuma ya valvu, juu hakuna petroli inapita hapo kuosha. Hii inakuja na kilomita nyingi. Gari inakohoa asubuhi. Suluhisho ni kufungua na kuosha kwa mkono, si ile chupa ya kumwaga kwa tangi.

Turbo ikianza kuugua itakuambia. Moshi wa bluu ukitoka kwa bampu ama ukishuka mlima alafu ukanyage. Mluzi kama ambulance ya mbali. Nguvu kupotea ghafla na taa ya injini kuwaka. Skana ikitoa P0299, inamaanisha presha haitoshi, lakini usikimbie kununua turbo! Mara nyingi ni paipu ya hewa imetoboka ama imechomoka, ama kale kachuma ka kufungua na kufunga njia ya moshi kamekwama. Kwa EA211 hako kachuma hukwama sana, na wakati mwingine grisi ya kuvumilia moto inatosha. Nimeona msee wa base yetu akinunuliwa turbo ya ex-Japan Kirinyaga Road na tatizo lilikuwa klipu ya paipu. Na hata kama turbo imekufa kweli, uliza iliuliwa na nini kabla uweke ingine. Kama ni oili imeziba, ya pili itakufa wiki hiyo hiyo.

Kuhusu kuongezewa nguvu na laptop, ile inaitwa stage 1: DQ200 iliundwa kubeba toki ya karibu 250 Nm. Ukiipandisha hapo, hutakuwa na injini ya kujivunia, utakuwa na bill ya klachi.

Siku ya kuenda kuiangalia

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla ufike. Ukifika, gusa boneti kwanza. Kama ina joto, anaficha kitu, ama hajakuheshimu. Rudi kesho. Ikiwa baridi, simama mbele boneti ikiwa wazi, mwambie awashe, na usiongee. Sekunde tano za kwanza ndio interview. Ukisikia zile sarafu kwa mkebe, na skana ikitoa P0016, toka hapo ama ukate bei ya kazi yote ya cheni.

Vuta kijiti cha oili. Nyeusi kama lami, mtu alikuwa analala. Fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna makaa. Endesha kwa jam, si kwa barabara tupu ya bypass venye broker atataka. Rudi nyuma kwa kilima polepole. Beba fundi wako na skana yake, si ya yard. Uliza risiti za service, na kama ni ya belt uliza ilibadilishwa lini. Kama hakuna anajua, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Tafuta fundi wa VW kabla ya kutafuta VW. Mimi wangu nilimpata nikiwa tayari nimechomeka. Na weka kando kitu, mimi nilianza na 5k kila mwezi kwa M-Shwari, ya gari peke yake. Mwaka jana hiyo pesa ndio ilinunua klachi. Polo bado iko, juzi imegonga kilomita 160,000, na Jumamosi iko na keki mbili za Syokimau.